Mkalimani wa Nyumbani

Kwa siku tatu nzima mgonjwa wa kitanda cha tisa alikuwa akiomba dirisha lifungwe, na kwa siku tatu nzima hakuna aliyelifunga. Si kwamba manesi walikuwa na roho mbaya, la hasha. Walikuwa wawili kwa wagonjwa thelathini, na huyu mmoja alikuwa akiomba kwa lugha ambayo hakuna mtu wodini aliyewahi kuisikia. Kwenye faili lake wakaandika neno moja tu: anaropoka.

Mkewe alikaa kwenye stuli pembeni ya kitanda, mkoba mapajani, macho chini. Alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, mwanamke asiyeyumbishwa na mambo madogo. Kiharusi alielezwa akakielewa: mshipa wa kichwani umeziba, mkono na mguu wa kulia vimelala, tumshukuru Mungu ameletwa mapema. Lakini hili la kuropoka lilimtia aibu. Mumewe alikuwa mkuu wa mtambo wa maji mpaka alipostaafu, mtaa mzima ukimwita Injinia, mtu wa maneno machache na suruali iliyopigwa pasi. Leo amelala hapo anatoa maneno yasiyo na kichwa wala miguu, na mgonjwa wa kitanda cha kumi amegeukia ukutani ili acheke vizuri.

"Shemeji amechezewa," kaka yake alimnong'oneza. Huyu kaka ni miongoni mwa wale watu wanaojua kila kitu isipokuwa lini waondoke. "Hiyo si lugha ya binadamu, dada. Hebu sikiliza, hizo sh-sh-sh zote."

"Nyamaza wewe. Ukilala unakoroma hivyo hivyo, mbona hatujawahi kusema umechezewa?"

Siku ya nne binti yao alifika kutoka chuoni. Hakupewa habari mapema kwa sababu alikuwa kwenye mitihani, na mama mtu aliapa kwamba hataambiwa mpaka aweke kalamu chini. Aliingia na begi mgongoni, akasimama miguuni pa kitanda, akasikiliza. Kisha, bila kumsalimu mtu, akaenda kulifunga dirisha.

"Asante sana, dada," Injinia akasema kwa Kirusi, kwa adabu kubwa, bila kugeuka kuona ni nani. "Nilishaanza kudhani humu ndani sionekani."

Binti alikaa chini kwenye sakafu ya wodi na kulia kwa sauti. Mama akadhani mwanawe naye kapatwa na jambo, akainuka haraka kumshika.

"Haropoki, mama," binti alisema akivuta kamasi. "Anaongea Kirusi. Alikuwa anasikia baridi tu."

Jamani, maelezo yenyewe hayakuwa marefu. Ujanani Injinia alisomea mitambo huko Urusi miaka sita, akarudi, akaoa, na lugha ile akaifungia pamoja na vyeti vyake. Nyumbani hakuitamka hata kwa utani, wala mkewe hakuwahi kuisikia. Binti alipochaguliwa kwenda chuo kikuu, Idara ya Lugha na Tamaduni za Urusi na Eurasia, baba ndiye aliyekuja juu kuliko wote. Alimuuliza atazungumza na nani, na atakula nini. Mtaani wakamwita binti Mrusi, na jina likamganda. Watoto walioletwa na mama zao kupimwa sare walimchungulia mlangoni kuona kama amekuwa mweupe.

Daktari alisema jambo hili hutokea mara chache lakini hutokea. Kiharusi kimekamata sehemu ya Kiswahili na kuacha ile nyingine. Mgonjwa ataelewa neno moja moja, ukisema polepole, lakini kujibu hawezi. Kiswahili kinaweza kurudi baada ya mwezi, au mwaka, au kisirudi.

"Zungumzeni naye," daktari alisema. "Dawa kubwa ni hiyo."

Ni rahisi kusema hivyo ukiwa na koti jeupe.

*

Nyumbani walimweka sebuleni, karibu na cherehani, kwa sababu chumbani mlango ulikuwa mwembamba na kiti cha magurudumu hakikupita. Chuo kilikuwa kimefunga kwa likizo ndefu, kwa hiyo binti alikuwepo tangu asubuhi mpaka jioni, na kazi yake ilikuwa moja.

"Muulize kama ameshiba."

"Anasema ameshiba."

"Muulize kama anataka kwenda chooni."

"Anasema usimuulize mbele ya watu."

"Watu gani? Mimi ni watu?"

Binti akamuuliza baba, baba akajibu kwa kirefu, binti akafupisha, mama akahisi amepunjwa. Ndivyo siku zilivyokwenda. Kadi ya benki nayo ikaleta mambo. Namba yake ya siri aliijua Injinia peke yake, na Injinia aliitamka kwa kunong'ona sikioni mwa binti, tarakimu nne, kama mtu anayetoa hazina ya taifa. Mama alisimama pale na kitambaa cha kufutia mezani mkononi. Miaka ishirini na sita ya ndoa, na siri ya mumewe anaipata kwa mtoto! Alikwenda benki, akatoa hela, akarudi, akaketi kushona mpaka chakula cha jioni.

Wiki ya pili mhadhiri wa ukalimani, aliyemfundisha binti chuoni, alikuja kumjulia hali mgonjwa. Alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni. Alikaa na Injinia saa nzima wakizungumza Kirusi, na Injinia, hebu fikiri, alipiga hadithi, akaiga sauti za watu, akatikisa kidole. Mama alileta chai akaondoka, akaleta biskuti akaondoka, akakosa cha kuleta.

Mhadhiri alipomsikia binti akitafsiri, aliweka kikombe chini.

"Usiseme 'anasema ana kiu'. Darasani nilikufundisha nini? Yeye akisema nina kiu, na wewe sema nina kiu. Hapo katikati wewe hupo. Wanaozungumza ni hawa wawili."

"Mwalimu, hawa ni wazazi wangu."

"Basi ndiyo vizuri zaidi. Jaribu."

Injinia akasema kitu. Binti akamgeukia mama, akakohoa kidogo. "Nina kiu."

"Una kiu?" mama akasema. "Si umekunywa chai sasa hivi?"

Wote wanne walicheka, hata Injinia alipoelezwa. Ilichukua siku mbili mama kuzoea kwamba binti akisema "mgongo unaniuma", anayeumwa ni mwingine. Lakini alipozoea aliona tofauti. Kabla ya hapo alikuwa akiletewa habari za mumewe. Sasa alikuwa akijibiwa.

Mhadhiri alipoaga, alisimama mlangoni akivaa viatu. "Na fomu yako je? Wenzako wawili wameshasaini. Ijumaa ndiyo mwisho."

Binti akatazama vidole vya miguu yake.

"Fomu gani?" mama akauliza.

*

Fomu yenyewe ilikuwa kwenye begi, ndani ya kamusi. Wanafunzi wa mwaka wao walikuwa wanne. Idara ilikuwa na ramani nyingi kuliko wanafunzi, wenyewe walizoea kutania hivyo. Nafasi za kwenda Kazakistani kwa mwaka wa tatu zilikuwa tatu, miezi kumi, nauli na malazi vimelipwa. Huko wangesoma Kirusi na lugha ya wenyeji, na wangeishi na familia. Asiyekwenda haingii mwaka wa nne. Atahamishiwa idara nyingine aanze upya, na nafasi yake atapewa yule kijana wa nne, ambaye alikuwa akimpigia simu binti kila siku kumuuliza kwa upole hali ya mzee.

"Ungeniambia lini?" mama akauliza.

"Nisingekwambia. Nilikuwa nasubiri Ijumaa ipite."

Mama akaisoma fomu, akairudisha ndani ya kamusi, akaenda kukaa kwenye cherehani. Alishona mguu mmoja wa suruali ndani nje, kosa ambalo hakuwa amelifanya tangu akiwa mwanagenzi, akaifumua.

Habari za namna hiyo haziwezi kufichika kwenye nyumba yenye wateja. Kufikia Jumatano kila mama aliyekuja kuchukua sare alikuwa na rai yake. Mwenye duka la ng'ambo ya barabara alisema mtoto wa kike mwenye moyo hawezi kumwacha baba yake bubu. Mwingine akasema Mungu ana makusudi yake, ndiyo maana alimpeleka kusoma lugha ile. Binti alisikia yote akiwa jikoni, akasugua sufuria iliyokuwa safi.

Alhamisi asubuhi mjomba alikuja akiwa amejiandaa. Alikaa kwenye kiti kizuri.

"Mpwa wangu, hili halina mjadala. Ukiondoka, nani atamsemea shemeji? Sisi? Mimi hiyo lugha hata kupiga chafya siwezi. Uhasibu upo, ualimu upo. Omba uhamishwe, ukae hapa, umtunze mzee. Kwani huko Kazaki-nini kuna nini?"

"Kazakistani, mjomba."

"Enhe. Hata jina lenyewe linachosha."

Mjomba akageuka kumtazama dada yake apate kuungwa mkono, lakini mama alikuwa akimtazama mumewe. Injinia alikuwa ameegemea kiti chake cha magurudumu, akifuata midomo ya watu wote mmoja mmoja, na usoni alikuwa na lile tabasamu la adabu la mtu anayekaa kwenye sherehe ya watu asiowajua. Mama aliliona tabasamu lile, akasikia uchungu.

Maana huo ndio ulikuwa uchungu wake, na hakuwa amemwambia mtu. Binti akiwepo, Injinia alikuwa mtu mwingine. Alipiga soga. Alimsimulia mtoto habari za bweni, habari za rafiki aliyeficha bata kwenye kabati, na wakacheka wote wawili mpaka wakafuta machozi. Mama alikuwa pale pale, sindano kinywani, akikunja pindo. Mara mbili aliuliza mnacheka nini. Binti alitafsiri vizuri, lakini kicheko kilichotafsiriwa hufika kimepoa. Na binti akitoka kwenda dukani, Injinia alizimika. Mke na mume walibaki wakitazamana, kisha mmoja akatazama ukuta.

"Kaka," mama alisema, "nakushukuru kwa ushauri. Sasa nenda nyumbani."

"Chai je?"

"Hakuna chai."

*

Mlango ulipofungwa mama alivuta kiti akakaa uso kwa uso na mumewe, magoti yao yakikaribia kugusana.

"Njoo," alimwambia binti. "Kaa hapa katikati. Nataka kuzungumza na baba yako. Fanya vile mwalimu wako alivyotaka. Usipunguze, usiongeze."

"Mama, haya mazungumzo si yananihusu mimi?"

"Yanakuhusu. Kaa."

Binti akakaa.

"Mtoto ana safari," mama akaanza. "Ya masomo, miezi kumi. Kesho ndiyo siku ya mwisho ya kutia saini."

Binti akayasema kwa Kirusi. Aliona ajabu kujiita mtoto.

Injinia alimtazama binti, kisha mkewe, kisha mkono wake wa kulia uliolala mapajani. Akasema maneno mawili. Kisha akasema mengine, kwa haraka.

Binti angeweza kuyameza. Nani angejua? Angeweza kusema baba anasema nenda mwanangu, na mama angefurahi, na jambo likaisha hapo hapo. Wazo lilimpitia, nasi tusimlaumu. Lakini aliambiwa asipunguze.

"Asiende," alisema kwa Kiswahili. "Asubiri. Akiondoka nitakuwa kabati humu ndani. Nitasogezwa, nitafutwa vumbi, na hakuna atakayeniuliza kitu."

"Nani kasema hutaulizwa?" Mama akapandisha sauti. "Si nakuuliza kila siku? Nakuuliza mimi, unamjibu yeye. Unamtazama yeye. Mnacheka! Miaka ishirini na sita sikuwahi kukuona ukicheka mpaka unashika mbavu. Nikasema ndivyo alivyoumbwa, nimechukua mume mkavu, basi. Kumbe ulikuwa nacho kicheko, ulikifungia tu." Akavuta pumzi. "Nina wivu, mzee. Nina wivu na mtoto wangu wa kumzaa, na naona aibu mpaka nakosa usingizi. Haya, mwambie."

"Mama..."

"Yote."

Binti akamgeukia baba yake. Aliyasema yote, moja baada ya moja, na alipofika kwenye "nina wivu na mtoto wangu wa kumzaa" machozi yalikuwa yakimtiririka, lakini hakuruka neno. Lilikuwa jambo zito kumwambia baba yako hivyo kwa mdomo wako mwenyewe.

Injinia alipozungumza hakumtazama binti, alimtazama mkewe, na alikwenda polepole, akimsubiri mtoto amalize kila kipande.

"Kule nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilikuwa mtu wa kuchekesha, mimi. Nikarudi, nikakabidhiwa mtambo na watu thelathini walionizidi umri. Nikaona nikicheka hawataniheshimu. Nikaacha kazini. Halafu nikaacha na nyumbani."

"Mimi sikuwa mtu wa mtambo," mama alisema. "Mimi nilikuwa mkeo."

Akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Nisikilize. Mtoto akibaki, wewe hutanitafuta. Na mimi sitakutafuta, maana kuna njia rahisi. Tutaishi sote tunapitia kwake, na yeye atazeeka amekaa hapo katikati ya viti viwili. Nataka aende. Kwa faida yake, ndiyo. Na kwa faida yangu pia, sitaki kukudanganya. Nataka tubaki wawili, tushindwe kuelewana sisi wenyewe."

Binti akayatafsiri hayo yote. Injinia akasema neno moja.

"Naogopa," binti akasema.

"Hata mimi naogopa," mama akajibu. "Unadhani mimi ni chuma?"

Kisha akamgeukia binti, akamshika kidevu kama alivyokuwa akimshika zamani akimsuka.

"Haya, tumemaliza yetu. Na wewe? Siku hizi zote nakusikia ukiumwa mgongo wa baba yako na ukinigombezea mume wangu. Wewe mwenyewe unasemaje?"

Binti alikuwa na maneno ya kila mtu isipokuwa yake. Aliwafikiria wateja na rai zao, akamfikiria mjomba kwenye kiti kizuri.

"Nataka kwenda," alisema hatimaye. "Nimetaka tangu mwaka wa kwanza. Nikimtazama baba naona nina roho mbaya, lakini bado nataka."

Akageuka, akamwambia baba yake vivyo hivyo kwa Kirusi, akimtazama machoni.

Injinia alifumba macho. Alipoyafumbua, akaanza kusema, na safari hii alisema kwa kirefu, akiinua mkono wake mzima, akigusa kichwa, akinyoosha kidole mlangoni. Mama alisubiri amalize, kisha kwa mazoea akamtazama binti.

"Anasema nini?"

Binti alikuwa ameshainuka. Alichukua kamusi yenye fomu, akatafuta kalamu kwenye begi.

"Muulize mwenyewe, mama," alisema kwa upole, akatoka kwenda kusainia kwenye ngazi za nje.

Mama alitaka kumwita. Aliinuka nusu, akakaa tena. Wakabaki wawili, na yule aliyekuwa amedai wabaki wawili sasa alikuwa hajui pa kuanzia.

"Haya," alisema. "Rudia. Polepole."

Injinia akarudia. Akagusa masikio yake, moja, la pili.

"Masikio? Masikio yanakuuma?"

Akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole mlangoni alikopita binti. Akagusa masikio tena. Kisha akajikumbatia kwa mkono mmoja, akagonganisha meno, mwili wote ukitetemeka kwa kuigiza, mpaka kiti cha magurudumu kikalia.

"Baridi," mama akasema. "Mtoto. Mtoto atasikia baridi, masikioni. Huko anakokwenda."

Injinia akaitikia kwa kichwa mara tatu, nne, mdomo umemlegea upande, macho yamejaa maji.

"Kofia! Unataka nimshonee kofia. Kwa nini hukusema?"

Akaliendea tenga la mabaki ya vitambaa, akainua kipande cha sare, bluu, chepesi. Injinia akatikisa kichwa. Mama akainua cha kijivu. Injinia akatikisa kichwa kwa hasira. Mama akainua kingine, na Injinia akapiga paja kwa kiganja, akatoa sentensi ndefu ya Kirusi, kwa sauti ya mkuu wa mtambo anayeona fundi anataka kuharibu kazi.

"Usinifokee," mama alisema, akiinama tena kwenye tenga. "Nimekusikia."